Mashine ya Presha Inayoongea: Mambo 8 ya Kucheki Kabla Hujamnunulia Mtu Asiyeona

- Mtu asiyeona anaweza kujipima presha nyumbani mwenyewe, bila kungoja mjukuu ama jirani amsomee
- Si kila mashine "inayoongea" inafaa. Kuna zile zinataja majibu tu, zikikosea zinanyamaza
- Kabla ya sauti, cheki saizi ya mkanda. Mkanda mdogo unaweza kukupatia presha ambayo huna

Wacha nianze kwa kukiri. Kwa miezi kadhaa nilikuwa namdanganya kukhu wangu.

Kukhu anaishi Port Victoria, huku Bunyala, si mbali na penye wavuvi hushukisha mbuta na omena. Macho yake yaliisha polepole na sai haoni kabisa. Presha anayo kitambo. Nilipoachana na chuo mwaka wa pili nikarudi home, kazi ya kumpima ikawa yangu: namfunga mkanda, nabonyeza, namsomea. Siku moja mashine ikaandika 172 kwa 98. Nikaangalia vile ametulia anangoja, nikasema, "Mia moja thelathini na mbili, Kukhu. Uko fiti." Akacheka, akasema Mungu ni mwema.

Nilidhani namlinda. Si presha hupanda mtu akishtuka? Basi nikaendelea hivyo. Kitu sikujua ni kwamba Kukhu naye alikuwa na hesabu yake. Akisikia namba nzuri, anaruka dawa ya siku hiyo ndio pakiti ifike mwisho wa mwezi. Yaani uwongo wangu ndio ulikuwa unamnyima dawa. Ilijulikana siku CHP wa kijiji alikuja na mashine yake, akampima, akasoma kwa sauti mbele yetu wote. Kukhu hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Na zile zingine?"

Hapo ndio nilianza kusaka mashine itakayomwambia yeye mwenyewe. Nimeuliza Port, nikaenda Busia, nikafika hadi Malaba, nikasoma hadi usiku. Haya ndiyo nimetoka nayo.

Kwanza, usichanganye presha mbili

Huku kwetu glakoma huitwa "presha ya macho". Sasa ukiingia duka la dawa useme unatafuta mashine ya presha ya mtu asiyeona, kuna mtu atakuelewa visivyo. Hizi ni vitu viwili tofauti. Presha ya macho ni msukumo wa maji ndani ya jicho, na hupimwa kliniki ya macho. Presha ya damu ni msukumo wa damu kwenye mishipa, na ndiyo mashine ya mkanda hupima. Moja inaweza kuwa poa na nyingine iko juu.

Lakini zinakutana mahali pamoja: dawa. Baadhi ya matone ya glakoma, kama timolol, huingia kwenye damu na yanaweza kupunguza mapigo ya moyo na kushusha presha. Kwa hivyo mgonjwa akienda kliniki ya presha, abebe hata hayo matone amwonyeshe daktari. Wengi huacha nyumbani wakidhani ni mambo ya macho tu.

Njia ziko nne

*Mashine ya kawaida na macho ya mtu mwingine.* Hii ndiyo wengi wako nayo. Inafanya kazi kama msomaji yuko na anasema ukweli. Mimi ni ushahidi wa vile inaweza kuharibika.

*Mashine inayoongea yenyewe.* Unabonyeza, inajaza upepo, inatoa, halafu inataja namba kwa sauti. Haihitaji simu wala intaneti. Kwa mzee anayetumia mulika mwizi, hii ndiyo ya kwanza kutafuta. A&D, kampuni ya Japani, wako na ya kuongea inayoitwa UA-1030T; hata kama hutapata hiyo, jina litakusaidia kumweleza muuzaji kile unataka.

*Mashine ya Bluetooth na simu.* Majibu yanaingia kwenye programu ya simu, halafu simu inakusomea. Android iko na TalkBack na iPhone iko na VoiceOver, zote huja ndani ya simu bure. Sauti ya Google inaweza kusoma Kiswahili pia. Hii ni moto kwa kijana asiyeona ambaye ashazoea simu ya tachi. Shida ni kwamba programu zingine zimetengenezwa vibaya: unagusa kitufe, simu inasema "kitufe" tu bila kusema ni cha nini. Washa TalkBack palepale dukani, ujaribu hadi upate majibu, ndio utoe pesa.

*Kamera ya simu.* Kuna programu ya bure inaitwa Be My Eyes, ilianza Denmark mwaka wa 2015. Inakuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea akusomee skrini. Google nao wako na Lookout, inayosoma maandishi kwa kamera. Hizi ni za kuokolea siku. Namba za mashine ya presha huchorwa kwa vijistari, na programu inayosoma maandishi inaweza kukuambia 3 badala ya 8. Kwa presha, hiyo si makosa madogo. Na mtu wa video anahitaji bando na mtandao, vitu ambavyo huku ziwani huja na kwenda.

Kuna njia ya tano ambayo utauziwa kwa nguvu: saa za bei rahisi zinazodai kupima presha. Achana nazo. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono nazo zinataka mkono ukae sawasawa usawa wa moyo, ukishuka kidogo namba inabadilika. Mashine ya mkono wa juu ndiyo ya kutegemea.

Mambo 8 ya kucheki dukani

1. Inaongea wakati gani?

Hapa ndipo watu huingia box. Muuzaji atakuonyesha ikitaja majibu, wewe ufurahi, ulipe. Ukifika nyumbani mkanda umelegea, mashine inaandika herufi ya makosa kwenye skrini na kunyamaza kabisa. Mwenye haoni anabaki amekaa, hajui kama imeisha ama imekwama. Iulize maswali haya kwa vitendo: ukilegeza mkanda makusudi, inasema kitu? Ukisogeza mkono ikipima, inasema? Betri ikikaribia kuisha, inakuonya? Ikikataa kuongea kwa hayo yote, hiyo si ya mtu anayeishi peke yake.

2. Inasema lugha gani, na inasema namba aje?

Nilizoshika mimi zote zilikuwa za Kiingereza ama Kichina. Kuna moja Busia ilikuwa inaongea Kichina tu na muuzaji akaniambia mzee "atazoea". Hapana. Kama ni Kiingereza, si lazima mtu awe amesoma. Ni kujifunza namba na maneno matatu. Lakini sikiliza kwa makini tofauti ya "wan-eitini" na "wan-eiti". Ya kwanza ni 118, presha safi. Ya pili ni 180, hatari. Kwa spika mbovu na masikio ya mzee zinafanana kabisa. Mashine bora ni ile inataja tarakimu moja moja, ama inarudia ukibonyeza tena. Mwache mwenyewe asikilize dukani na akuambie alichosikia. Usimsaidie.

3. Vitufe vinashikika?

Tafuta kitufe kikubwa kimoja cha kuanzisha, kilichoinuka, chenye kusikika kikibonyezwa. Mashine laini kama kioo, ya kugusa, ni ya kuonyesha wageni. Kama vitufe viwili vinafanana, weka tone la rangi ya kucha kwenye kimoja, likikauka linaacha kinundu. Kitufe hicho kiwe pia cha kuzima haraka, ili mkanda ukibana sana mtu aweze kusimamisha bila kutafuta.

4. Saizi ya mkanda

Watu hucheki bei na kusahau hii, na ndiyo huharibu majibu. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba huonyesha ya chini. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya sentimita 22 hadi 32. Mipana hufika 42. Kupima bila kuona ni rahisi: zungusha uzi kwenye mkono katikati ya bega na kiwiko, piga fundo, mpelekee fundi wa nguo aweke kwenye tepu. Kukhu alitumia kipande cha uzi wa nyavu. Nenda dukani ukiwa na hiyo namba, halafu usome iliyoandikwa kwenye mkanda wenyewe.

5. Mkanda unavalika kwa mkono mmoja?

Mikanda mingine iko na pete ya chuma, unapitisha mkono kama unavaa shati, unavuta, unabandika. Mingine inakuja na umbo la duara tayari. Hizo mbili ni poa. Ule unaokuja kama kitambaa kilichonyooka unataka mikono mitatu. Mwambie anayeenda kutumia auvae mwenyewe mara tatu. Akishindwa mara zote, tafuta mwingine.

6. Usahihi wake umethibitishwa?

Mashine kuongea haimaanishi inasema ukweli. Kuna orodha za bure mtandaoni za mashine zilizojaribiwa na wataalamu: STRIDE BP, na ile ya British and Irish Hypertension Society. Tafuta kwa namba kamili ya modeli, si jina la kampuni pekee, juu kampuni moja inaweza kuwa na modeli iliyopita mtihani na nyingine haijawahi kufanya. Ukishanunua, ibebe siku ya kliniki, ilinganishwe na ya nesi. Kama mwenyewe ana moyo unaopiga bila mpangilio, mashine hizi hubahatisha, kwa hivyo muulize daktari kwanza.

7. Moto na maji

Stima yetu mnaijua. Tafuta inayotumia betri za kawaida, zile za rimoti, ambazo hata duka la kijijini liko nazo. Kama inachajiwa, hakikisha tundu la chaja ni la aina ya kawaida na linapatikana kwa kidole. Halafu kuna maji. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda, Nzoia ikafurika, na watu wengi Budalang'i wakahama na walichoweza kubeba. Mashine ikae kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, pamoja na dawa na kadi ya kliniki, mahali pamoja kila siku. Asiyeona ataipata gizani bila shida, na siku ya kuhama ni kushika kopo moja tu.

8. Siri na kumbukumbu

Nyumba zetu ni ndogo. Mashine ikipaza sauti "wan-seventi" sebuleni, jirani ashajua. Cheki kama sauti inapunguzika ama kama kuna tundu la kuwekea spika za masikio. Halafu cheki kama inaweza kurudia majibu ya zamani kwa sauti, ama kumbukumbu ni ya skrini tu. Kama nyumba ina wagonjwa wawili, kila mmoja awe na nafasi yake, la sivyo daktari atasoma presha ya mtu mwingine.

Kununua mpakani

Busia na Malaba ni soko moja lililokatwa na laini. Wengi huvuka upande wa Uganda wakisikia bei iko chini kidogo. Hakuna ubaya, lakini jiulize: ikiharibika wiki ya pili, utavuka tena na risiti ya nani? Waranti ya dukani ni ya duka hilo. Chukua risiti yenye namba ya modeli, jaribu mashine na betri zake palepale, na uulize kama mkanda wa saizi nyingine unauzwa peke yake. Za kawaida zisizoongea nimezikuta kati ya elfu mbili u nusu na elfu nne. Zinazoongea ni chache huku, na bei hutegemea sura yako. Usikimbilie ya kwanza.

Kupima bila kuona, hatua kwa hatua

Nusu saa kabla, hakuna chai ya rangi, kahawa, sigara wala kazi ngumu. Nenda choo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini, usikunje, utulie dakika tano bila kuongea.

Mkanda uvaliwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Ukingo wa chini uwe vidole viwili juu ya kunjo la kiwiko. Kwa kidole, fuata mrija: unatakiwa ushuke upande wa ndani wa mkono, kuelekea kiganjani. Vidole viwili viweze kupita chini ya mkanda. Vikikataa umebana, vikicheza umelegeza. Weka mkono mezani usawa wa moyo. Kama meza iko chini, ongeza mto ama leso iliyokunjwa.

Bonyeza, nyamaza, usicheze na mkono. Pima mara mbili, uache dakika moja katikati. Fanya asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku saba kabla ya kwenda kliniki. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili; mkono unaotoa namba ya juu ndio utakuwa wa kutumia kila siku.

Kuweka rekodi, anayejua Breli aandike. Mwenye simu ajirekodi sauti. Kukhu hataki vyote viwili. Yeye ana mikebe miwili. Namba ya juu ikipita 135 anatia maharagwe kwenye mkebe wa kushoto, isipopita anatia mahindi kwenye wa kulia. Namba zenyewe zinabaki kwenye kumbukumbu ya mashine kwa ajili ya daktari, lakini yeye akishika mikebe anajua mwezi wake umeenda aje.

Namba zinasema nini

Mashine hutaja ya juu kwanza, halafu ya chini, halafu mapigo ya moyo. Kliniki huita presha ya juu kuanzia 140 kwa 90. Ukipima nyumbani, ambapo umetulia, wastani wa kuanzia 135 kwa 85 tayari ni wa kupeleka kwa daktari. Namba moja mbaya siku moja si mwisho wa dunia. Wastani wa siku kadhaa ndio una maana.

Ikipita 180 kwa 120, tulia dakika chache upime tena. Kama bado iko hapo, piga simu kliniki ama nenda siku hiyohiyo. Lakini kama kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kupinda, kuongea kwa shida ama upande mmoja wa mwili kuishiwa nguvu, usipime tena. Tafuta boda, tafuta gari, nenda hospitali.

Na hili niliandike mara moja tu: namba nzuri ikiwa unatumia dawa maana yake ni dawa inafanya kazi. Si ruhusa ya kuiacha. Kupunguza ama kuongeza ni kazi ya daktari.

Kama doh hakuna

Septemba 2023 serikali ilizindua CHP zaidi ya laki moja nchi nzima, na mkoba wao una mashine ya presha. Anaweza kupita nyumbani. Mwombe kitu kimoja: amtajie mgonjwa namba zake yeye mwenyewe, si kumnong'onezea mwenye kuona.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kukabili vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili watu na kupokea maombi ya vifaa. Ukiandika ombi, usiandike "vifaa vya macho" tu. Andika wazi: mashine ya presha inayoongea, ya mkono wa juu, na saizi ya mkanda. Chama cha akina mama pia kinaweza kununua moja na kuizungusha, mradi kila mtu asikie yake peke yake.

Sisi ilibidi tuchange. Mtu wetu wa Nairobi akaipata, ikaja na matatu. Siku ya kwanza Kukhu alijifunga mkanda mwenyewe, mashine ikasema "wan-siksti-fo". Akanyamaza. Halafu akaniuliza ile siku ya Mungu ni mwema ilikuwa ngapi, nikamwambia. Kesho yake tulikuwa kliniki na dawa zake zote mezani, pamoja na matone ya macho.

Sasa anapima alfajiri kabla sijaamka. Nikimuuliza imesoma ngapi, siku zingine ananiambia. Siku zingine anasema hiyo ni yake.